Uliza Tujibu: Mbona nyumbu wa Serengeti hawafiki milioni 5?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi niko Mugumu, nimekulia hapahapa karibu na mbuga. Tangu nasoma shule ya msingi naambiwa nyumbu ni milioni moja na kitu, sasa hivi nina watoto wawili na bado naambiwa milioni moja na kitu. Mwezi wa pili wanazaa balaa, ndama laki kwa laki, sasa hao wote wanaishia wapi? Baba anasema simba na mamba ndo wanawamaliza, jirani yetu anasema ni watu wa mitego. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wawili hawajakudanganya, simba wanakula na mitego ya waya inaua wengi, ila muuaji mkubwa wa nyumbu ni njaa. Watafiti walikaa miaka mingi humo porini wanafuata mizoga, wakikuta nyumbu amekufa wanavunja mfupa wanaangalia uboho. Mnyama mwenye afya uboho wake ni mweupe, mgumu, umejaa mafuta, lakini aliyekufa njaa unakuta mwekundu unateleza kama jeli, maana mwili ukishakosa kabisa unakula mpaka mafuta ya ndani ya mfupa, na hayo ndo ya mwisho, baada ya hapo hakuna kitu. Walipopiga hesabu wakakuta kama robo tatu ya vifo vinatokana na kukosa chakula.

Na hawakuwa milioni siku zote. Zamani kulikuwa na sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe uliofika huku kwetu kama mwaka 1890 ukafagia mifugo ya wafugaji na nyati na nyumbu pamoja, ukabaki unaua ndama wa nyumbu kila mwaka kwa miaka mingi sana. Miaka ya 1950 wakaanza kuchanja ng'ombe kuzunguka mbuga, wakachanja ng'ombe tu, nyumbu hakuguswa na mtu, na kufika 1963 sotoka ikawa imepotea kwa nyumbu wenyewe. Mwaka 1961 walihesabiwa kama 250,000, kufika 1977 wakawa wamevuka milioni 1.2. Alafu wakasimama. Ndo hapo swali lako linapoingia, simba walikuwepo wakati wanapanda na simba walikuwepo waliposimama, kwa hiyo kilichowasimamisha sio simba, ni nyasi.

Najua utasema nyasi gani zinakosekana kwenye mbuga ya karibu kilomita za mraba 15,000. Nenda kusini kule Ndutu mwezi wa pili, kijani mpaka macho yanauma, udongo wa majivu ya volkano ya milima ya Ngorongoro, nyasi fupi zenye madini anayohitaji mama anayenyonyesha, pale hata wangekuwa mara mbili wangeshiba. Sasa rudi palepale mwezi wa tisa, vumbi tupu, maji hakuna. Wote wameshapanda kaskazini kwenye Mto Mara kwa sababu huko kidogo mvua inanyesha na mto una maji, na huko ndo wanabanana milioni nzima kwenye kipande kidogo, nyasi ndefu ngumu hazina lishe. Idadi inaamuliwa hapo. Sio miezi ya shibe, ni ile miezi mitatu minne ya kubanwa. Mwaka 1993 kiangazi kilikuwa kikali kupita kiasi wakafa njaa kwa makundi, wakashuka mpaka kama 900,000, mvua ziliporudi vizuri wakapanda tena mpaka palepale.

Ndo maana mimi huwa naumia sana nikisikia miti inakatwa kwenye msitu wa Mau kule Kenya. Mtu anaona ni mbali, lakini Mto Mara unatokea huko, na mto ukikauka Septemba hata mmoja tu, chumba cha kiangazi cha nyumbu wetu kimefungwa, na hata ungeongeza askari wa wanyamapori mara kumi hawataleta nyasi.

Ila usije ukaishika kwamba kiangazi tu ndo kina maana. Upande wa Kenya kuna nyumbu wengine, wao masika walikuwa wanaenda kuzaa kwenye tambarare za Loita. Ikaja ngano, mashamba makubwa ya matrekta, wakalima sehemu zilezile za kuzalia. Mwaka 1977 walikuwa karibu 119,000, mwaka 1997 wakabaki kama 22,000. Mbuga ya Maasai Mara ilikuwepo, maji yalikuwepo, chumba cha kiangazi hakikupungua sana, lakini walinyang'anywa chumba cha kuzalia. Kwa hiyo kila nikisikia mtu anasema "tukate tu kipande hiki, wanyama hawakai hapa mwaka mzima" nakosa raha kabisa, maana nyumbu hakai mahali popote mwaka mzima!

SWALI: Kaka habari, mimi dereva wa utalii, Arusha. Kama nyumbu wako milioni na zaidi, mbona simba hawajai?

JIBU: Salama kaka. Wewe barabara hizo unazijua kuliko mimi, hebu kumbuka Ndutu baada ya nyumbu kuondoka. Simba hawezi kuwafuata mpaka Mara, ana eneo lake analolinda na ana watoto wasioweza kutembea hivyo, akitoka tu anaingia kwa simba wengine anapigwa. Kwa hiyo anabaki na ngiri na swala na chochote kilichobaki, na mama akikosa mawindo ya kutosha, simba wakubwa ndo wanakula kwanza, watoto wanakuja mwisho, wengi wanakufa njaa kabla ya mwaka. Wale simba unaowaonyesha wageni mwezi wa pili, wamelala matumbo juu, jaribu kupita tena Oktoba uangalie mbavu zao, na uhesabu watoto waliobaki.