Magistral haikuwa operesheni ya kuondoa majeshi Afghanistan

Mkuu, umesema Magistral ilikuwa operesheni ya Wasovieti ya kuondoa majeshi yao Afghanistan. Hapana. Ilikuwa ya kufungua barabara ya kutoka mji wa Gardez hadi mji wa Khost, mashariki mwa Afghanistan, iliyozibwa na mujahidina (wapiganaji wa Kiafghani waliowapinga Wasovieti) wa kamanda Jalaluddin Haqqani. Ilianza Novemba 1987 ikaisha Januari 1988, chini ya Jenerali Boris Gromov, kamanda wa Jeshi la 40 la Kisovieti. Misafara ya malori ilifika Khost na shehena za chakula, ila Wasovieti walipoiachia tu njia hiyo, mujahidina wakaifunga tena. Damu nyingi kwa faida ya muda mfupi mno!

Kuondoka kwenyewe kulianza Mei 1988, baada ya Makubaliano ya Geneva ya Aprili yaliyopanga majeshi hayo yaondoke. Nadhani watu huchanganya kwa sababu Gromov huyohuyo ndiye aliyevuka daraja la mto Amu Darya, mpakani, tarehe 15 Februari 1989, kuondoka huko kulipokamilika.