Damu ya nifasi (ya baada ya kujifungua) imekatika kabla ya arobaini, na mshono haujapona

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nilijifungua kwa njia ya kawaida, nikachanika na kushonwa. Damu imekatika siku ya 22, lakini mama mkwe anasema sina swala mpaka arobaini itimie. Nikikohoa mkojo unanitoka, na kusujudu kunaniumiza. Mume naye anauliza lini. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Hongera dada yangu, Allah amkuze mtoto katika kheri.

Arobaini si sharti. Ummu Salama (r.a.) amesimulia, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, kwamba wenye nifasi zama za Mtume (s.a.w.) walikuwa wakikaa siku 40. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema huo ndio muda wa ghalibu (wa wanawake walio wengi), na upeo ni 60. Uchache wake hauna siku maalumu. Basi damu ikikatika, unakoga josho na unaswali. Mama mkwe hakukosea kutaka upumzike siku zote hizo; lililomponyoka ni kuitia swala humo.

Ila hakikisha imekatika kweli. Tumbo la uzazi huchukua kama wiki sita kurudi hali yake, na kinachotoka hubadilika: wekundu siku za mwanzo, kisha hudhurungi, kisha umanjano hafifu. Umanjano uliofuatana na damu bado ni nifasi. Gusisha pamba safi (usiiingize ndani, una mshono). Ikirudi kavu au na ute mweupe, umetwaharika. Swala za siku za damu hulipi. Saumu ya Ramadhani unailipa.

Josho lisikutishe. Maji safi kwa kawaida hayaudhuru mshono, na wakunga wenyewe huagiza pasafishwe kwa maji. Mtaalamu akikukataza kwa hali yako, osha mwili uliobaki na utayamamu (ujitwaharishe kwa udongo safi) kwa ajili ya pale.

Mkojo unaotoka ukikohoa au kucheka ni kwa sababu misuli ya nyonga imelegea, na wengi hupona kwa mazoezi ya kuibana na kuiachia. Kama unatoka mara mojamoja, hukumu ni ya kawaida: jisafishe, tia udhu upya. Ukiwa haukatiki hata kwa muda wa kuswali, hapo ndipo unachukua hukumu ya mwenye udhuru: unajisafisha, unavaa pedi, unatia udhu baada ya wakati kuingia, unaswali papo hapo, na kitakachotoka ndani ya swala hakikudhuru.

Kuhusu kusujudu, Imran bin Huswain (r.a.) alikuwa na bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kuswali. Akamwambia aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Imo katika Bukhari. Wanawake wengi waliojifungua hupata bawasiri hiyohiyo, na mshono una haki kama yake. Simama ukiweza, usipoweza kaa, na sijida yako iwe kwa kuinama kadiri unavyoweza.

Mumeo mwambie hivi: baada ya josho sheria haimkatazi tendo la ndoa, lakini kukudhuru ndiyo inamkataza. Kidonda kipone, nawe uwe tayari. Wataalamu wengi hushauri kusubiri mpaka ukaguzi wa wiki ya sita.

Damu ikirudi kwa wingi, ikatoka harufu mbaya au ukashikwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Swali la twahara utaniuliza ukirudi.

Wallaahu a'alam.