Geuza kandambili uone chini: kwa mnaoanza kupiga picha za vitu vilivyotupwa

Nilipoanza kazi hii hapa Kampala, nilikuwa nazunguka Kisenyi nikitafuta takataka zenye sura. Kiatu kimelala vibaya, nakisimamisha. Mfuko umekaa karibu, nautupa pembeni. Siku moja mama mmoja muokota chupa alinitazama nikiipanga kandambili ya buluu kando ya mtaro, akaja akaipindua. "Kijana, umeacha penyewe."

Chini, kifundo cha mkanda kilikuwa kimeng'oka zamani. Mwenyewe alipitisha msumari, akaupinda, akazuia kwa kizibo cha soda kilichopondwa. Kisigino kilikuwa kimelika upande wa nje mpaka kikatoboka. Mtu alitembea na msumari ule, sijui miezi mingapi, na mimi nilikuwa nahangaika na rangi ya buluu!

Kwa hiyo tafuteni kwanza palipotengenezwa: beseni lililoshonwa kwa uzi wa nailoni, sufuria yenye kiraka, jerikeni iliyozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Hapo ndipo mtu alipo. Uchafu wenyewe hauna habari nyingi.

Pigeni asubuhi, saa moja hadi saa tatu, jua likitokea ubavuni. La mchana linafuta mikwaruzo yote. Simu inatosha, ila msivute picha kwa vidole, pigeni magoti. Angalieni pia udongo wetu mwekundu, unapaka plastiki nyeupe rangi ya waridi.

Mpiga picha Mmarekani Irving Penn aliokota vipisi vya sigara katika mitaa ya New York, akavipiga studio, na mwaka 1975 picha hizo zikatundikwa katika MoMA, jumba la sanaa ya kisasa la huko huko New York. Picha kali sana zile. Mimi lakini sibebi kitu kwenda nacho nyumbani, kwa sababu mtaro nao ni nusu ya habari.

Karatasi ndizo zilizonitia aibu. Wagonjwa wengi hapa huandikiwa matibabu kwenye daftari la shule. Niliokota moja, nikalipiga likiwa wazi, nikairusha picha mtandaoni. Jina lilisomeka. Ndugu wa mgonjwa akanipigia, na hakupiga kelele, jambo lililoniuma zaidi. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2019, lakini hata bila sheria, funika jina kabla hujabonyeza.

Na majalala makubwa msiyapande. Jalala la Kiteezi liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024, likaua watu zaidi ya 30. Mtaani penyewe vitu ni tele; msalimu mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, wasalimu wanaookota, ndipo utoe kamera.

Yule mama siku hizi hunipigia akipata kitu. Wiki iliyopita kilikuwa kijiko ambacho mpini wake umevunjika, mahali pake pameyeyushiwa mswaki. Alikishika kwa nyuma ya gauni.

"Elfu mbili kwanza," akasema.