Tumefunga sola, mbona faida imeshuka?

SWALI: Ndugu mtaalamu, mwaka jana kampuni yetu ilifunga paneli za sola kwa mkopo. Bili ya umeme imeshuka kweli, lakini hesabu za mwaka zinaonyesha faida imepungua. Kila ninachosoma kinasema nishati jadidifu huongeza faida. Tumekosea wapi?

JIBU: Ndugu yangu, usiwaombe wakurugenzi radhi kabla hujawafungulia hesabu. Chukulia mfumo umegharimu 100, na 80 kati ya hizo ni mkopo wa miaka 8 kwa riba ya asilimia 12. Uchakavu, yaani gharama ya mfumo inayosambazwa kwenye miaka ya matumizi yake, ukigawanywa kwa miaka 20, kila mwaka unakata 5. Riba ya mwaka wa kwanza ni 9.6. Jumla 14.6, wakati bili imeokoa, tuseme, 13. Faida imeshuka kwa 1.6 na paneli hazina kosa lolote. Ukifika mwaka wa tano deni limebaki 40 na riba ni 4.8. Paneli hupoteza takriban nusu asilimia ya nguvu kwa mwaka, kwa hiyo bado zinaokoa zaidi ya 12. Hapo mfumo umeshaanza kuongeza faida.

Mimi naogopa zaidi upande wa fedha taslimu. Mwaka ule wa kwanza benki imechukua 19.6, yaani 10 za deni na 9.6 za riba, nanyi mmeokoa 13. Hiyo 6.6 imetoka kwenye fedha za mishahara na malighafi. Paneli huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25 hivi. Kwa nini mzilipie kwa miaka 8? Ombeni muda mrefu zaidi, na mtenge akiba ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kutumika na mitambo, maana hiyo huhitaji kubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15.

Kisha isome bili mstari kwa mstari. Kuna malipo ya uniti, na kwa wateja wakubwa kuna malipo ya mahitaji ya juu, yaani kiwango kikubwa kabisa cha umeme mlichovuta kwa wakati mmoja, yanayopimwa kwa kVA. Kiwanda kimoja nilichokikagua kilikuwa kikiwasha kompresa na pampu zote saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado changa. Uniti zilishuka, kVA haikusogea. Walipohamishia pampu saa tano, nayo ikashuka.

Kuhusu unayoyasoma: kampuni yenye fedha ndiyo yenye uwezo wa kufunga sola, kwa hiyo kuikuta na faida kubwa hakuthibitishi kwamba sola ndiyo iliyoileta. Ninaloliamini zaidi ni utulivu wa bei. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, bei ya umeme Ulaya ilipaa, na waliokuwa na mikataba ya muda mrefu ya umeme wa jua au upepo kwa bei isiyobadilika walinusurika. Kinga hiyo haina mstari wake kwenye taarifa ya mapato, kwa hiyo ninyi wenyewe waelezeni wakurugenzi.

Mkienda benki, bebeni bili za miezi 12 kabla ya sola na 12 baada yake, pamoja na taarifa ya uzalishaji kutoka kwenye inveta. Angalieni pia Jumapili: kama shirika la umeme halinunui ziada yenu na mitambo imezimwa, jua la siku hiyo haliokoi kitu.