Baiskeli za kukodi, mwendo wa pole na keki mwishoni: maswali yenu

Tangu niseme napenda kukodi baiskeli, kuzunguka mji taratibu na kumalizia na kitu kitamu, maswali hayajakoma. Nimechagua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mara ya mwisho kupanda baiskeli nilikuwa shule ya msingi. Ntaweza kweli?

Utaweza, mwili hausahau. Ila baiskeli za kukodi ni nzito, zile za kwenye vituo, unazochukua kituo kimoja na kurudisha kingine, zingine zinapita kilo 20, kwahiyo usishtuke ikiwa ngumu kuondoka. Anza na siti. Pedeli ikiwa chini kabisa weka kisigino juu yake, mguu ukinyooka basi hapo ndo penyewe, ukianza kuendesha utakanyagia mbele ya unyayo na goti litabaki limekunja kidogo. Wengi wanaiacha siti chini ati waweze kukanyaga ardhi, nusu saa baadae magoti yanauma wanasema baiskeli mbovu. Kama unaogopa sana, sawa, ishushe kwa dakika kumi za kwanza ukizunguka mahali pasipo na magari, kisha ipandishe. Na breki uzijaribu moja moja ukiwa bado unaikokota, maana Uingereza ya mbele iko mkono wa kulia, Ufaransa iko kushoto, ukiibana ya mbele ghafla ukidhani ni ya nyuma utaruka usukani.

Kaka, nilikodi ya kituoni masaa matatu, nikalipishwa hela ambayo ningekodi dukani siku nzima. Wameniibia?

Hawajakuibia, hukusoma. Baiskeli za vituoni zimepangwa kwa safari fupi, unatoa hapa unarudisha pale. Paris walipoanzisha Vélib', baiskeli zao za vituoni, mwaka 2007 ukishalipia pasi yako dakika 30 za kwanza za kila safari zilikuwa bure, baada ya hapo bei ikawa inapanda, na miji mingi imefuata mtindo huohuo hata kama dakika zenyewe zinatofautiana. Wenyewe wanataka baiskeli izunguke, sio ikae imeegemea ukuta nje ya mgahawa wakati wewe unakunywa kahawa ya pili. Kwahiyo matembezi ya nusu siku yenye kusimamasimama, nenda duka linalokodisha kwa siku, unapata na kufuli, na wakikuona una mtoto wanaweza kuwa na kiti chake. Ya kituoni inafaa kwa safari ya kuvuka mji mara moja. Au uwe unaibadilisha kila kituo, watu wanafanya hivyo, mi nimejaribu nikachoka kuangalia saa.

Zamani mambo yalikuwa rahisi zaidi, Copenhagen mwaka 1995 ulikuwa unatumbukiza sarafu unachukua baiskeli, ukirudisha sarafu yako inatoka. Sasa hivi ni kadi na simu, na hapo ndo niliponaswa mimi: nilirudisha, nikaisukuma kwenye nguzo, sikusubiri taa, nikaenda zangu kula. Kumbe haikujifunga. Mita ikaendelea kuhesabu mpaka kesho yake asubuhi. Siku hizi siondoki mpaka taa iwake na simu iseme safari imeisha, na napiga picha. Dukani pia piga picha kabla hujaondoka, kila mkwaruzo, ili dhamana yako irudi bila maneno.

Tuko wanane, kila tukitoka watatu wa mbele wanapotea na shemeji yangu anabaki nyuma ananuna. Tufanyeje?

Shemeji akae mbele. Sitanii, mwendo ni wa yule wa polepole kuliko wote, na asiyeweza kuvumilia kilomita 12 kwa saa hilo sio tembezi lake, aje siku nyingine peke yake. Nyuma kabisa mweke mzoefu mmoja anayejua njia na mwenye pampu, asipitwe na yeyote asimpite yeyote. Kwenye taa msilazimishe wote kupita pamoja, waliovuka wasubiri pembeni, sio katikati ya njia.

Naogopa magari. Nikae pembeni kabisa?

Pembeni kabisa ndo hatari ingine, pale yalipopaki magari mtu anafungua mlango bila kuangalia. Acha nafasi ya kama mita moja kutoka kwenye milango, wa nyuma akipiga honi apige. Reli za tramu, zile treni za mjini zinazopita barabarani, usizikate kwa mshazari, tairi linaingia kwenye ule mfereji na unaanguka kabla hujajua, zivuke kwa kukingama, ikiwa imenyesha ndo zaidi. Na panga ruti ifuate mto, bustani, njia za baiskeli, hata kama ni ndefu mara mbili. Mnakimbilia wapi?

Nikivaa suruali pana?

Kunja mguu wa kulia, cheni iko upande huo.

Keki tule kabla au baada? Na je, si tunarudisha kila tulichochoma?

Baada, tena baada ya kurudisha baiskeli, ili mkae bila kuwaza kufuli wala saa. Kuhusu kuchoma, mtu wa kilo 70 akiendesha taratibu saa nzima anachoma kama kalori 280 hivi, na kipande cha keki yenye krimu kinaweza kuzipita zote. Sasa? Kama ulikuja kupungua uliniuliza swali kwenye safu isiyo yake. Ila maji kunyweni njiani, usisubiri meza, nimeona watu wanafika hoi wanaagiza vitu vitatu kumbe ni kiu tu.

Naweza kula aiskrimu huku naendesha?

Hapana. Mkono mmoja una koni, uliobaki una breki moja tu, na kwa bahati yangu ilikuwa ya mbele.