Maswali ya Wasomaji: Kupimwa Usonji Ukiwa Kigoma

SWALI: Shikamoo mshauri. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na miezi saba. Maneno anayosema hayazidi sita, akiitwa hageuki, na kila asubuhi hupanga vifuniko vya soda mstari mmoja kwenye kizingiti cha duka langu. Mtu akisogeza kimoja, hulia mpaka akatapika. Akitaka chai haonyeshi birika kwa kidole, bali hunishika kifundo cha mkono na kunivuta hadi jikoni. Majirani wanasema ametupiwa jini. Kituo kimoja cha binafsi kimeniambia nilete shilingi laki tatu na nusu za picha ya kichwa, ndipo ijulikane kama ana usonji. Fedha hiyo ndiyo mtaji wangu wote. Nifanyeje? – Mama wa Mwandiga

JIBU: Marahaba, mama. Mtaji wako ubaki dukani. Hakuna picha ya kichwa, wala kipimo cha damu au mkojo, kinachoonyesha usonji. Daktari Leo Kanner alipowaeleza watoto 11 wa aina hii kule Marekani mwaka 1943, alitegemea kuwatazama na kuwasikiliza wazazi wao, na hadi leo, ingawa vigezo vimeandikwa upya mara kadhaa, utambuzi bado hufanywa hivyo hivyo: mtaalamu aliyefunzwa humtazama mtoto anavyocheza, anavyoomba kitu na anavyoitika, kisha humhoji mlezi kwa kirefu tangu ujauzito hadi jana. Picha ya kichwa ina mahali pake, kwa mfano mtoto anapopata degedege za mara kwa mara, anapopoteza nguvu za upande mmoja, au kichwa kinapokua kupita kawaida. Daktari akiiomba kwa sababu kama hizo, mpigishe. Lakini mwulize kwanza anatafuta nini humo, na kama jibu ni "usonji", shukuru uondoke.

Kinachopaswa kutangulia ni masikio. Mtoto asiyesikia vizuri naye hageuki akiitwa, naye huchelewa kusema, na wapo waliohangaishwa miaka kwa jina la usonji kumbe tatizo lilikuwa usikivu. Usijidanganye kwa kuwa anaziba masikio honi ya treni inapolia. Mtu anaweza kusikia sauti nzito na asisikie zile nyembamba zinazotofautisha neno na neno.

Sasa hesabu miezi. Kwa mujibu wa sera ya afya ya nchi yetu, mtoto aliye chini ya miaka mitano hatozwi gharama za matibabu katika vituo vya Serikali. Mwanao amebakiza miezi mitano tu, kwa hiyo anza juma hili. Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, eleza uliyoniandikia, na uombe barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Ukifika huko omba kuonana na daktari wa watoto pamoja na kitengo cha afya ya akili. Jina la kitengo lisikuogopeshe, maana usonji si wazimu. Ni namna ubongo ulivyokua tangu mwanzo, na hao ndio waliosomea tabia na makuzi. Wakiona shauri limewazidi, watakupa rufaa ya kwenda mbele: Bugando kule Mwanza, Mirembe iliyoko Dodoma, au Muhimbili. Usiruke ngazi. Anayefika hospitali ya kanda bila barua huanzia getini kama mgeni, na mwenye bima anaweza kujikuta akilipa kutoka mfukoni kitu ambacho kingelipiwa.

Gharama inayoumiza watu wa Kigoma, mama, iko barabarani zaidi kuliko kwenye chumba cha daktari: nauli ya watu wawili au watatu, mahali pa kulala, chakula, na siku ambazo duka limefungwa. Nimewaona wazazi waliosafiri hadi Mwanza wakaambiwa warudi mwezi ujao kwa sababu mtoto alilala siku nzima na wao hawakuwa na chochote cha kuonyesha. Kwa hiyo jiandae kama mtu anayekwenda mara moja tu. Beba kadi ya kliniki. Andika kwenye daftari kama alilia mara alipozaliwa, kama alipata manjano, degedege au malaria kali, alikaa na kutembea akiwa na miezi mingapi, na kama kuna maneno aliyokuwa nayo kisha akayaacha. Hilo la mwisho ni zito, usilisahau. Kwa simu yako mrekodi dakika mbili mbili: akipanga vifuniko, akila, akiitwa na mtu asiyemwona, akiwa kati ya watoto wenzake. Na vifuniko vyenyewe vitie mfukoni uende navyo, maana mtaalamu ataona mengi mtoto akivimwaga mezani kuliko wewe ukisimulia saa nzima.

Umesema maneno yake ni sita, lakini hukuniambia ni ya lugha gani. Kama bibi humsemesha Kiha nawe Kiswahili, yahesabu yote pamoja, kwa sababu mtoto mwenye lugha mbili akipimwa kwa moja tu huonekana nyuma kuliko alivyo. Lugha mbili hazisababishi usonji, na mtu asikushauri kuacha moja. Ikiwezekana bibi naye asafiri. Daktari wa Mwanza hatakijua Kiha, naye bibi ndiye anayemlea ukiwa dukani.

Huenda ukasikia juu ya dodoso la maswali 20 wanalotumia wahudumu wa afya. Lipo na halilipiwi, lakini ni la watoto wa miezi 16 hadi 30, na hata kwao huonyesha tu nani achunguzwe zaidi. Wako amelipita.

Kuhusu jini, sitakugombanisha na majirani. Kama familia inataka dua, ifanye dua. Lakini dawa za kufukiza, kuchanja na kumfungia mtoto ndani, hapana.

Wakati mnasubiri, usikae bure. Akikuvuta mkono hadi jikoni, shika kidole chake ukielekeze kwenye birika, sema "chai", kisha mpe hapo hapo. Asubuhi kaa kizingitini, ongeza kifuniko kimoja mwishoni mwa mstari wake, taja rangi, nyamaza, ngoja. Siku atakayokupa yeye kifuniko ukiweke, iandike kwenye lile daftari. Msaada wa namna hii haungoji jina la ugonjwa, na kama itabainika hana usonji, hautakuwa umemdhuru.

SWALI: Nina miaka 31, mwanamke, ni mtunza stoo hapa Ujiji. Tangu utoto sielewi utani, mashine ya kusaga ikiwashwa karibu nashindwa hata kufikiri, na nimefukuzwa kazi mara mbili kwa "kiburi" nisichokuwa nacho. Je, mtu mzima hupimwa usonji? Na ni bei gani?

JIBU: Hupimwa, dada, ingawa wenye ujuzi huo kwa watu wazima ni wachache na wengi wako mijini mbali nasi. Usonji hauanzi ukubwani, kwa hiyo mtaalamu atataka ushahidi wa utoto wako. Kama mama au dada mkubwa yupo, mwombe akueleze ulivyocheza na ulivyoanza kusema. Ripoti za shule ya msingi nazo zitafutwe, hasa yale maneno ya mwalimu wa darasa pembeni. Njia ni ile ile niliyomweleza mama wa Mwandiga, ila wewe utalipa, kwa hiyo uliza ada ya kumwona daktari bingwa wa afya ya akili kabla ya kupanda basi. Asiye na uwezo humwona afisa ustawi wa jamii wa hospitali akiwa na barua ya mtendaji wa mtaa, na anaweza kusamehewa gharama.

Jiulize pia unautaka utambuzi kwa kazi gani. Hakuna kidonge cha usonji. Lakini sonona na wasiwasi uliopitiliza, ambavyo huwaandama wengi walioishi kama ulivyoishi, vina matibabu, na hayo unaweza kuyaanza Maweni bila kusafiri. Na kama lengo ni kumweleza bosi kwa nini unaomba meza mbali na mashine, ombi hilo halihitaji cheti. Mimi ningeanza nalo kesho.

SWALI: Binti yangu ana miaka saba. Mwalimu mkuu amekataa kumwandikisha mpaka nilete karatasi ya daktari ya usonji. – Baba, Kasulu

JIBU: Bwana, hana haki hiyo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya ulemavu, na kuandikishwa hakusubiri utambuzi wa hospitali. Shule inahitaji upimaji wa kielimu, yaani kujua mtoto anaweza nini na asaidiwe vipi darasani, na huo hufanywa na walimu wa elimu maalumu, si daktari. Andika barua fupi kwa Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yako, taja tarehe uliyokataliwa na jina la shule, ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukirudi kwa mwalimu mkuu, nenda na nakala hiyo pamoja na binti.