Mbwa anaharisha tangu tuhame nyumba: jibu

Pole sana, ndugu. Umesema mbwa wako wa miaka minne anaharisha tangu mhamie nyumba mpya, anatetemeka mkitoka, na kinyesi kina ute. Hofu inaweza kabisa kufanya hivyo: utumbo mpana unachokozeka, mbwa anakwenda haja mara nyingi, kidogo kidogo, na ute juu yake.

Ila usikubali haraka kwamba ni hofu tu. Minyoo na giardia (kijidudu cha utumbo kisichoonekana kwa macho) huleta dalili zile zile, kwa hiyo peleka kinyesi kikapimwe kwa daktari wa mifugo.

Kwa siku mbili tatu mpe wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala chumvi, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Kitunguu usiweke, ni sumu kwake. Maji yawepo muda wote. Akitulia, rudisha chakula chake cha kawaida taratibu kwa wiki nzima. Dawa za maumivu za watu zilizopo nyumbani, kama diklofenaki na ibuprofeni, usimpe kabisa. Humletea vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Kazi kubwa ni hofu yenyewe. Mlishe na umtembeze saa zile zile. Mwekee kona tulivu na tandiko lake la zamani (usilifue kwanza, harufu ile inamtuliza). Toka dakika moja urudi, kisha tano, ukiongeza pale tu anapobaki mtulivu. Wanaomchapa mbwa kwa kuchafua sebule wanamzidishia ugonjwa.

Akitapika mfululizo, akilegea, au kinyesi kikiwa cheusi au chenye damu nyingi, mpeleke siku hiyo hiyo.